Fungu la Makala

Annexe inazizunguka komini nyingine sita za Lubumbashi, na vijana wake nao wana tabia hiyohiyo ya kuzunguka. Mmoja namwona kila jioni kwenye meza ya makala, yaani makaa ya kupikia, kando ya barabara. Kumwambia muuzaji kwamba anampenda? Thubutu! Ananunua fungu dogo, anauliza hali ya mama, hali ya umeme, hali ya barabara ya Kasenga, kisha "anasahau" chenji ili apate sababu ya kurudi kuidai. Kwao, kwa taarifa yenu, wanapikia jiko la umeme. (Umeme ukiwapo, jamani; ukikatika, hapo makala tumsamehe.)

Binti naye si wa jana. Anafunga kitenge upya bila kitenge kuwa kimelegea, anamchagulia vipande vikubwa, halafu anamwaga: "Aksanti, yaya." Kijana anaondoka amekuwa kaka mtu, mfuko mkononi. Ajabu ni kwamba kesho yake fungu lake limeshawekwa pembeni, wengine wasiliguse.

Mama mtu, anayejifanya kuhesabu nyanya, ameshapandisha bei ya makala. Kwa mteja mmoja tu.