Mnadani, Kilichochubuka Ndicho Ghali

Ukikiona kiatu cha chuma cha mguu wa kushoto hakina mwenzake, usidhani mwenzake kaibwa. Katika aina moja ya mbio za pikipiki za Marekani kwenye udongo, uwanja huwa wa mviringo na kona, kwa kawaida, zote ni za kushoto. Mpanda pikipiki huingia kona tairi la nyuma likiteleza, mguu wa kushoto kautupa chini, na chini ya buti kafunga bati nene la chuma ili mguu uteleze, usinase. Mguu wa kulia hauna kazi hiyo, kwa hiyo haufungwi kitu. Bati la mzee ambaye tulikuwa tukinadi vifaa vyake lilikuwa limelika upande mmoja hadi ukingo ungeweza kukatia vitunguu. Ukanda wake wa ngozi umekauka, na kwenye kisigino kuna donge la welding la fundi aliyelichomelea kwa haraka, pengine kati ya mbio moja na nyingine.

Yote hayo niliyaeleza, kwa Kiswahili changu cha Tanga, mbele ya ukumbi wa kanisa uliojaa Wakongomani mjini Louisville, Kentucky. Nilipomaliza, baba mmoja wa Uvira akanyoosha mkono.

"Tumesikia, mwalimu. Sasa ile kiatu ingine iko wapi?"

Mwenye kiatu alikuwa amekaa mstari wa mbele, anatabasamu, haelewi neno. Ni mzee mwenyeji wa Kentucky, mstaafu wa mbio, mwenye magoti yanayotabiri mvua kuliko redio. Hakuwahi kuwa bingwa wa taifa, na anayemwita bingwa humkatiza hapo hapo. Alishindana enzi ambazo uwanja wa farasi wa Louisville Downs ulikuwa ukiazimishwa kwa pikipiki. Alipoamua kuhamia nyumba ndogo, mkewe alimpa hiari: ama maboksi ya vifaa vya mbio yatoke, ama yeye atoke nayo. Akayaleta kwetu, kwenye kikundi chetu cha kuchangia pikipiki za zahanati za milima ya Kivu Kusini, ambako boksi la chanjo hupandishwa mlima mgongoni mwa mtu.

Wazo la kunadi vifaa hivyo hakulibuni. Alilipata kwa Randy Mamola, Mmarekani aliyemaliza wa pili duniani katika mbio za pikipiki za daraja la cc 500 mara nne, mwaka 1980, 1981, 1984 na 1987, ubingwa akausikia kwa wenzake tu. Miaka ya 1980 Mamola alichangisha fedha za watoto wa Afrika, kisha akaenda Somalia kuona zimefanya nini. Yeye na mwandishi Mwingereza Barry Coleman wakakuta pikipiki za wahudumu wa afya zimelazwa zinaota kutu, na si kwamba zilikuwa zimezeeka. Nyingi zilikosa oili, mnyororo au plagi, na mtu wa kuwafundisha watu kuvibadilisha. Pamoja na Andrea Coleman, mke wa Barry, wakaanzisha Riders for Health, na kwa miaka mingi Uingereza ikawa na siku maalumu ambapo glovu na vigae vya kukinga magoti vya wakimbiaji wa dunia vilinadiwa, fedha zikaenda kuwaweka wauguzi barabarani kuanzia Lesotho na Gambia hadi Kenya. Mzee wetu akasema: kama vigae vya magoti vinauzika, kwa nini si kiatu changu?

Tatizo ni kwamba kule Uingereza wanunuzi walikuwa washabiki wa mbio. Sisi tulikuwa na watu ambao pikipiki wanaijua kama bodaboda: inabeba mama, watoto wawili, gunia la mkaa na mbuzi, na kifaa kilichochubuka hupunguziwa bei. Mbele ya wakusanyaji wa vifaa vya mbio mambo ni kinyume kabisa. Glovu iliyosuguliwa na lami ikapasuka kidole gumba ni mali. Glovu mpya, safi, ya mtu yule yule, ni glovu tu.

Louisville ndipo palipaswa kuwa rahisi, maana mji ule ulimzaa Muhammad Ali na watu wake wanajua vitu vya michezo huuzwa bei gani. Glovu alizovaa Ali akimpiga Sonny Liston mwaka 1964 zilinadiwa mwaka 2014 kwa dola 836,500. Mkanda uliotokana na pambano la Kinshasa la 1974 uliuzwa mwaka 2022 kwa dola milioni 6.18. Niliutaja mkanda huo ili kuwatia watu moyo. Badala yake ukazuka mjadala mrefu wa kwa nini mkanda uliopatikana Kinshasa haukugawiwa hata senti kwa Kinshasa, na mzee mmoja akataka iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao. Nao Wazungu wachache waliofika walikuwa na swali lao moja: kuna kitu chochote cha Nicky Hayden? Hayden, bingwa wa dunia wa pikipiki wa 2006, alikuwa mtoto wa Owensboro, Kentucky hiyo hiyo, na namba yake 69 aliirithi kwa baba yake, aliyependa kusema aliichagua kwa sababu husomeka vile vile hata ukiwa umepinduka. Hapana, hatukuwa na kitu cha Hayden. Wakanywa chai.

Dalali tuliyepewa alikuwa mtu wa minada ya farasi. Madalali wa huko hawasemi bei, wanaiimba, maneno yanafuatana bila pumzi. Mchungaji alikuwa ndiyo kwanza amemaliza sala ya kufungua, watu bado wamo rohoni, na wimbo wa dalali ukawafikia kama mwendelezo wa ibada. "Amina!" akasema mmoja. Mikono ikapanda. Kwa dalali, mkono uliopanda ni dau. Mama mmoja aliyefumba macho akajipandishia bei mwenyewe: mkono wa kulia dola 200, wa kushoto 225, alipoinua yote miwili dalali akapata kiwewe cha furaha. Alipofumbua macho alikuwa amenunua ovaroli ya ngozi ya mbio, rangi ya chungwa, kwa dola 310.

"Mwanangu," akaniuliza polepole, "hii inavaliwa wapi?"

Mchungaji akaokoa jahazi kwa kupitisha kapu. Fedha zikapatikana, ovaroli ikawa mali ya kanisa, na nasikia Krismasi ilivaliwa na mmoja wa Mamajusi. Kiatu nacho kilimwendea yule baba wa Uvira kwa dola 40, kwa sharti lililoandikwa na kushuhudiwa: mwenzake akionekana, atapewa bure.

Mnada wa pili ulikuwa Columbus, Ohio, kama kilomita 340 kutoka Louisville, na maboksi yalilala nyumbani kwa bibi mmoja mwenye asili ya Barawa, mji wa pwani ya Somalia wenye Kiswahili chake. Columbus imejaa Wasomali, na ndani yao wamo Wazigua wa bonde la Juba, watu ambao wazee wao walitoka kwetu Handeni na Pangani. Hao ni watani zangu kabla hata hatujasalimiana. Mji wenyewe pia si mgeni wa jambo letu. Jumuiya ya hisani iitwayo Charity Newsies, iliyoanza mwaka 1907, kwa miaka mingi ilidhamini mbio za pikipiki hapo, na kazi yake ni kuwanunulia nguo watoto wa shule. Na kitongojini Pickerington ndipo lilipo jumba la kumbukumbu la wanapikipiki wa Marekani, kwa hiyo wakusanyaji hawako mbali. Mmoja alikwisha ahidi dola 800 kwa helmeti ya mzee, akiwa ameiona kwenye picha: kioo kina udongo mwekundu uliokauka, wadudu waliokufa kwa mwendo wa kasi, na mchubuko mrefu sikioni.

Asubuhi nikaikuta helmeti juu ya meza, inameremeta.

Bibi alikuwa ameiloweka kwa sabuni ya vyombo, akaisugua kwa stili waya, akaimalizia kwa mafuta ya nazi. Mchubuko ulikuwa umelainika. Wadudu walikuwa wameenda zao. Na jina la mzee, aliloliandika kwa kalamu ya wino mzito siku ile aliyotukabidhi, limeondoka na uchafu.

"Mwanangu, mlitaka kuwauzia watu kofia imejaa mende?" akasema. "Mgeni akija kwangu na kitu kichafu, aibu ni yangu."

Nimjibu nini? Nikasema ahsante, bibi. Mkusanyaji alipofika aliigeuza helmeti kwenye mwanga, akaigeuza tena, akanusa nazi, akasema dola 60. Bibi akamkaribisha pilau. Alipomaliza sahani ya pili akasema dola 100, na baada ya kahawa ya tangawizi akafika 130. Pilau ile, kwa hesabu yangu, ndiyo bidhaa iliyopandisha bei kuliko zote tulizokuwa nazo.

Mnada wenyewe ulienda kinyumenyume. Nilitangaza jaketi kwa kuanzia dola 50. Mzee mmoja wa Kizigua akasema 40. Jirani yake, 35. Wa tatu akanikazia macho: "Mtani, punguza, sisi ni ndugu." Nikaeleza kwamba mnadani bei hupanda. Wakaelewana kwamba hiyo ni mila mbaya. Baadaye nilikumbuka kwamba Waholanzi huuza maua yao Aalsmeer kwa bei inayoanzia juu na kushuka mpaka mtu abonyeze kitufe, na hakuna anayewacheka. Wale wazee wangefaa sana Uholanzi. Jaketi liliondoka kwa dola 22, na wote watatu walioshusha bei wakaongeza ishirini ishirini pembeni, "za zahanati, si za jaketi". Ukijumlisha, dola 82. Sijaona dalali mwenye leseni anayeweza kuyapanga hayo.

Tukamalizia Buffalo, jimbo la New York, ambako theluji hutoka ziwani Erie na kuangukia mtaa mmoja ikauacha wa pili mkavu. Tulifikia kwenye mtaa wa kwanza. Ukumbi ukafungwa, mnada ukahamia WhatsApp, na ujumbe wa sauti ukawa unafika kwa ridhaa yake wenyewe: dola 90 ilifika baada ya 140, ya 140 ikafutwa na mwenyewe akidai ilitumwa na mtoto, na katikati kuna mtu aliyekuwa akiuza samaki wakavu kwenye kundi hilo hilo, akapata wateja wengi kuliko sisi.

Kipande kikubwa cha Buffalo kilikuwa glovu za mzee zenye kidole gumba kilichopasuka. Mji una haki ya kuzitamani. Hapo ndipo ilipotengenezwa Thomas Auto-Bi, mojawapo ya pikipiki za kwanza kuuzwa Marekani, na hapo ndipo kiwanda cha Pierce kilipoanza mwaka 1909 kutengeneza pikipiki ya silinda nne. Nikazitafuta boksini, hazimo. Nikachungulia dirishani. Kijana wa mwenyeji wetu, mwenye adabu zake zote, alikuwa nje anaondoa theluji mlangoni kwa koleo, glovu mkononi, chumvi ya barabarani imezipaka weupe hadi vifundoni.

"Shikamoo, mjomba! Hizi nzuri kweli, zinazuia upepo."

Mkusanyaji aliyekuwa kwenye simu akasikia kila kitu. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama kijana atakubali kupigwa picha. Glovu zikauzwa dola 260 pamoja na picha hiyo.

Fedha zote zimeshatumwa, na kwa ushauri wa mzee mwenyewe sehemu kubwa haikununua pikipiki mpya. Imenunua oili, minyororo, plagi na ada ya fundi, kwa pikipiki zilizokuwa zimelala. Mwakani tutafanya tena, Mungu akipenda. Mwenye kutaka kuchangia alete fedha, alete spea, hata glovu mbovu tutazipokea. Trofia tafadhali msilete. Hakuna anayenunua kikombe chenye jina la mtu mwingine, na gereji yangu imejaa.