Shangazi, Wamekula Mpango Wangu

*Shangazi, shikamoo. Niliomba kazi ya afisa masoko kwenye kampuni moja ya juisi hapa Dar. Usaili wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili wakanipa “zoezi dogo”: mpango wa masoko wa miezi mitatu, bajeti ndani, machapisho 30 ya Instagram na kaulimbiu. Nimekesha, bando la kukopa. Nikawasilisha mbele ya paneli, wakapiga makofi, mmoja akawa anapiga picha slaidi zangu. Wakasema watanipigia. Simu kimya mpaka leo. Juzi niko Ubungo nasubiri daladala, ikanipita bajaji ina kaulimbiu yangu mgongoni. Nifanyeje?*
*Aliyekamuliwa, Tabata*

Marahaba, mwanangu. Kwanza hongera: kaulimbiu yako imepata kazi. Ni wewe tu hukuitwa.

Ule haukuwa usaili. Kilikuwa kikao cha idara ya masoko ambayo kampuni bado haina, na mwenyekiti ulikuwa wewe, nauli juu yako. Dalili zilikuwepo. Anayetaka kukupima hukupa bidhaa ya kubuni na muda mfupi, ukafanya palepale akikuona unavyofikiri. Hao wako walikupa bei zao halisi, mikoa yao halisi na tarehe ya kuanza kampeni. Anayetaka kujua kama unajua kupika hakuagizi pilau la watu mia siku ya harusi yake. Yule mpiga picha mimi nimempenda, angalau hakujificha.

Ukitaka kwenda kwenye sheria, jua kwamba Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 hailindi wazo likiwa wazo tu. Inalinda kazi uliyoiandika. Wakibeba kurasa zako kama zilivyo, una neno la kusema. Wakichukua wazo lako tu, tuseme la kuuza juisi kwenye mabonanza ya shule, wakaliandika kwa maneno yao, umechangia maendeleo ya viwanda nchini. Na kwa kaulimbiu ya maneno matatu sikudanganyi: wakili atakunywa chai yako, kisha akwambie ni ngumu.

Siku nyingine nenda na karatasi mbili. Ya kwanza ieleze unavyoliona tatizo: mnunuzi ni nani, na kwa nini akifika dukani mkono unakwenda kwenye soda. Ya pili ni kazi uliyokwisha kumfanyia mtu mwingine na matokeo yake, hata kama ni duka la mitumba la binamu yako. Mauzo yakipanda yanaonekana popote. Ratiba, bajeti na kaulimbiu zibaki nyumbani. Wakizitaka, sema kwa upole, “Hizo tutaandikiana ankara.” Wakinuna, umeshajua siku ya mshahara itakuwaje.

Usiwatukane mtandaoni. Watu wa masoko mji huu wanajuana, na aliyekuwa kwenye paneli ile mwakani utamkuta kwenye nyingine. Wewe piga picha ile bajaji, iweke kwenye wasifu wako pamoja na barua pepe uliyowatumia, tarehe ionekane.

*Shangazi, tangazo lilisema “afisa masoko”. Kufika, tumejaa ukumbini, hakuna aliyeulizwa swali hata moja. Nikapewa fulana na vipeperushi vya bima, niingie Kariakoo. Mshahara, wanasema, “utautengeneza mwenyewe”.*
*Mwenye Fulana, Mbagala*

Mwanangu, mtaalamu wa masoko E. Jerome McCarthy alipoandika mwaka 1960 kwamba masoko ni bidhaa, bei, mahali na promosheni, jua la saa saba hakulitaja.

Kuuza mkononi si aibu, wapo waliojenga nyumba kwa komisheni. Ila walijua kuwa ni komisheni tangu siku ya kwanza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi kazi yako ni ipi, kituo wapi, saa ngapi, na malipo yanakokotolewaje. Iombe karatasi hiyo kesho asubuhi. Wakicheka, rudisha fulana. Kama ulishaivaa, ifue kwanza, umelelewa.

*Shangazi, wameniambia niwauzie kalamu. Nilikauka.*
*Mkavu, Sinza*

Wameangalia *The Wolf of Wall Street*, ile sinema ya 2013. Hawakufika mwisho, maana bwana anayewatega watu kwa kalamu mle ndani aliishia jela kwa utapeli wa hisa.

Wakirudia, usiisifu kalamu. Uliza wewe: mara ya mwisho mlisaini nini, na mlihangaika kutafuta cha kusainia? Atakayejibu ndiye mteja, zungumza naye huyo. Ukimaliza, ondoka na kalamu. Kwa usaili mwingi hapa mjini, ndiyo marejesho pekee ya nauli.