Meza ya Kutazamwa

Pasaka imefika, na meza imevishwa kuliko wenye nyumba. Vitambaa vya kufuma vimepigwa pasi, maua ya plastiki yamefutwa vumbi la tangu Krismasi, na vyombo vya wageni vimeruhusiwa kutoka kabatini. Katikati kaketi sungura wa plastiki kutoka Kariakoo, kakumbatia mayai ya rangi. Bibi kauliza huyu naye alifufuka lini; mpaka sasa hajajibiwa.

Baada ya siku 40 za Kwaresima, matumbo yalitaka pilau, si mapambo. Pilau lilipoiva, sinia halikupata pa kutua. Basi tukala mkekani, masika yakipiga bati. Mama mwenye nyumba? Kapanda juu ya kiti, anaipiga meza picha, na ole wake atakayepitisha mkono.