Saidia Fundi Mwenye Mvi

Fundi wa umeme aliyejifunzia kazi Tanga akihamia Ohio, kitu cha kwanza anachopokonywa ni rangi. Kwetu, kwenye nyumba zilizofungwa umeme zamani, waya mwekundu ndio fezi na mweusi ndio nyutro. Mpya zina kahawia na buluu. Marekani mweusi ndio wenye moto na mweupe ndio nyutro, na ukimsimulia mtu kwamba umeshika waya mweusi miaka yote bila wasiwasi, anakuuliza taratibu kama una watoto. Swichi nazo zimegeuzwa: kwetu unabonyeza chini taa inawaka, huku unapandisha juu. Waya namba 12 ni mnene kuliko namba 14, na usiulize kwa nini. Umeme wa jikoni ni volti 120, karibu nusu ya ule niliokulia, kwa hiyo birika linachemka polepole kiasi kwamba mke wangu anaweza kusimulia harusi nzima, pamoja na ugomvi wa pilau, kabla chai haijaiva.

Hayo mtu anayazoea. Kazi ni kuruhusiwa kuyagusa. Tanga niliingia kwenye ufundi kwa mlango wa wengi: mjomba alinichukua nikawa saidia fundi. Nilibeba ngazi, nikashika tochi, nikatumwa chapati, nikalipwa nauli na matusi. Baadaye nilikwenda chuo cha ufundi cha VETA nikapata cheti, lakini watu wa mtaani waliendelea kuniita kijana wa fundi fulani, na cheti kikabaki sandukuni na sare za shule. Huku, sehemu kubwa ya kazi nono za umeme wa majengo makubwa iko chini ya mafundi wa chama cha wafanyakazi, na chama hicho hakina habari na mjomba wangu.

Kinaitwa International Brotherhood of Electrical Workers; wenyewe husema IBEW. Kilianzishwa St. Louis, Missouri, Novemba 1891, na wajumbe 10 tu. Rais wake wa kwanza, Henry Miller, alikuwa fundi wa laini, na mwaka 1896 umeme ulimwangusha kutoka juu ya nguzo akiwa kazini jijini Washington, akafa. Urais wenyewe haukumshusha nguzoni. Wakati ule mafundi wa laini walikufa ovyo na kampuni za bima hazikuwataka, basi kwa mwanzo wake kilikuwa kama vyama vyetu vya kufa na kuzikana: mnachanga, mwenzenu akianguka anazikwa kwa heshima. Mishahara ya maana, bima ya afya na pensheni vilikuja baadaye, kwa kuvutana na matajiri.

Nilipomsimulia hayo shemeji yangu aliyenitangulia huku, alinijibu kwa ufupi wa mtu mwenye kazi mbili: "Sasa shida nini? Peleka ada wakuandikishe." Mwaka mzima nilikuwa nikikutana na watu wanaoamini hivyo. Chama hiki hakiuzi kadi dirishani. Kina matawi kila eneo, kila tawi lina namba yake, na anayetaka kuingia hupitia mojawapo ya milango miwili.

Mmoja ni wa mafundi wazoefu. Unamwona ofisa wa tawi anayeandikisha wanachama wapya, anapima ulichokwisha kufanya, unapewa mtihani, kisha unawekwa daraja linalokustahili. Mlango huo ulinivutia kwa sababu ya mvi zangu. Ofisa mwenyewe alikuwa mkarimu, akanipa kahawa, akaniomba kitu kimoja tu: uthibitisho wa maandishi wa saa nilizofanya kazi. Saa! Mjomba hakuwahi kuandika hata deni la mteja. Nikampigia simu usiku wa huku, alfajiri ya kwao. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema: "Waandikie tangu Mkapa anaapishwa mpaka ulipopanda ndege. Wakibisha, waje Ngamiani waulize." Ofisa alicheka nilipomtafsiria. Hakuja Ngamiani.

Nikabaki na mlango wa pili, wa uanagenzi, ambao foleni yake imejaa vijana wa miaka 18. Mafunzo huendeshwa kwa pamoja na chama na wakandarasi, huchukua miaka mitano kwa fundi wa majengo, saa 8,000 kazini na zisizopungua 900 darasani. Unaomba kwenye kituo cha mafunzo cha eneo lako, unalipa ada ndogo ya fomu, unapeleka cheti cha sekondari, kitambulisho, mara nyingi na leseni ya udereva. Na unathibitisha kwamba uliwahi kusoma aljebra mwaka mzima ukafaulu.

Hapo ndipo tulipogombana, mimi na dirisha. Cheti changu cha kidato cha nne, kama cha Mtanzania mwingine yeyote, kimeandikwa "Basic Mathematics". Mama wa dirishani alivaa miwani, akaivua, akaivaa tena.

"Naona hisabati," akasema. "Aljebra siioni."

"Imo ndani, mama."

"Ndani ya nini?"

"Ndani ya hisabati."

"Imeandikwa wapi?"

Nikamweleza kwamba kwetu hisabati huletwa nzima, aljebra, jometri, logi, uwezekano, vyote kwenye kapu moja, na mwalimu wetu alikuwa anachapa fimbo kwa kila x iliyopotea. Akaandika kitu. Akaniuliza kama mwalimu huyo anaweza kuleta barua. Mwalimu huyo alishafariki, Mungu amrehemu, na hata angekuwepo, barua yake isingenisaidia, maana mara ya mwisho kuandika jina langu alilitaja katika orodha ya watoro. Nikapeleka vyeti kwa kampuni ya kutathmini masomo ya ng'ambo. Wakachukua dola zangu wakarudisha karatasi safi yenye muhuri, inayosema kwamba nimesoma hisabati.

Iko njia ya kutokea, na yeyote mwenye cheti cha kwetu aijue mapema: yapo mafunzo ya hisabati kwa intaneti yaliyotengenezwa kwa waombaji wa uanagenzi, na vituo vingi huyapokea badala ya aljebra. Niliyachukua. Nilisoma usiku, mezani, na binti yangu wa darasa la saba akiwa msahihishaji. Mtoto huyo ana huruma ya polisi wa usalama barabarani. "Baba, ukihamisha upande wa pili alama inabadilika. Nilikwambia jana." Mama yake akipita anamalizia: "Mwanangu, usichoke naye."

Mtihani wenyewe, mwaka nilioufanya mimi, ulikuwa na maswali 33 ya aljebra kwa dakika 46, kisha maswali 36 ya kusoma na kufahamu kwa dakika 51. Hakuna kikokotoo, simu inazimwa. Alama huanzia 1 hadi 9, ukipata 4 unaitwa kwenye usaili. Maelezo haya yanaonekana mepesi kwa aliyekaa kwenye kochi. Chumbani mle kushoto kwangu alikaa kijana akitafuna bablishi kwa mpigo mmoja usiobadilika, kulia mwingine aliyekuwa anahesabu kwa kugusa vidole vyake kwenye meno, na mbele saa ya ukutani ambayo, naapa, ilikuwa ya kwao. Sehemu ya kusoma ilinipa habari ndefu juu ya jambo ambalo sijawahi kulihitaji tena, halafu ikaniuliza mwandishi alikuwa na hisia gani. Katika maswali yote ya siku ile, hakuna hata moja lililouliza umeme. Hawakupimi kama unajua kazi. Wanapima kama unafundishika, na kwa mtu aliyefunga umeme nyumba nusu ya mtaa wake, hilo ni dawa chungu lakini ya haki.

Nilifaulu. Barua ya usaili haikufika.

Sisi tuna majina matatu, lako, la baba, la babu, na mashine za Marekani hujisikia vibaya zikikutana na matatu. Langu huwa zinalitupa, la baba zinalifupisha herufi moja, kisha zinaniita kwa jina la babu. Sasa katika jengo letu anaishi dereva wa lori kutoka Burundi ambaye jina lake la kweli, halali, la kwenye pasipoti, ni la babu yangu. Barua ikaingia kwenye sanduku lake. Ijumaa moja akanifuata tukitoka msikitini, shati limepigwa pasi, uso umejaa fikra. "Ndugu yangu, wewe si mtu wa umeme? Nieleze. Hawa watu wameniita kwenye mahojiano. Mimi sijaomba. Lakini madamu wameniona, mke wangu anasema niende, huenda ni riziki." Usaili ulikuwa Jumatatu. Ilibidi nimnyang'anye mtu riziki yake mbele ya viatu vya waumini, na mkewe aliniamkia kwa ubaridi muda mrefu.

Kwenye usaili unakaa mbele ya meza ndefu, wawakilishi wa wakandarasi na wa chama kwa idadi sawa, na kila mmoja ana karatasi ya kukupa alama. Waliniuliza kama naogopa kupanda juu. Nikawaambia nimekulia Pangani kwenye minazi, na mnazi hauna kamba ya usalama. Wakaniuliza nieleze siku niliyopingana na mkubwa wangu kazini. Swali hilo kwetu halina jibu la adabu. Nikatoa siku mjomba alipotaka kufunga waya wa ethi kwenye bomba la maji la plastiki. "Mjomba, plastiki haipitishi umeme." Akanijibu: "Mwenye nyumba naye hajui." Yule mzee wa wakandarasi alicheka hadi akavua kofia. Nadhani alikuwa na mjomba wa namna hiyo.

Baada ya hapo unapangwa kwenye orodha kwa alama za usaili, na orodha hudumu miaka miwili. Wanaoitwa ni wale wa juu, kazi zinapotokea. Nikaendelea kupakia maboksi ghalani. Simu ikaja, pamoja na kipimo cha mkojo cha dawa za kulevya, ambacho sitakisimulia zaidi ya kusema kwamba maji niliyokunywa siku ile yalingoja kutoka mpaka nilipofika nyumbani.

Kazini nilikabidhiwa kwa fundi mkuu wa miaka ishirini na kidogo. Kijana ambaye Tanga angeniamkia "Shikamoo" na kunipokea mzigo, huku ndiye anayenionyesha pa kufagia. Siku za mwanzo alinituma stoo nikalete kifaa cha kurefusha waya. Waya haurefushwi, duniani kote. Ni utani wanaomfanyia kila mgeni, kama mjomba alivyokuwa akiwatuma vijana dukani kununua volti za akiba. Nikakubali kwa heshima zote, nikakaa nyuma ya kontena nikanywa chai yangu yote bila haraka, nikarudi nikamwambia kwamba stoo wanacho cha mita tu, cha futi kimeisha, kama anataka wamwagizie asaini. Alinitazama. Tangu siku ile ananiita "mzee", na kwa Kiswahili, maana ameuliza linavyotamkwa.

Nitasema wazi upande wa mfuko, kwa kuwa ndio unaoulizwa kila nikipiga simu nyumbani. Mwanagenzi analipwa tangu siku ya kwanza, asilimia fulani ya mshahara wa fundi kamili, na inapanda kadiri unavyosonga. Unasoma na huku unakula. Ada ya chama unalipa, na buti za baridi unanunua mwenyewe. Zamani vyama vya ujenzi nchini humu vililaumiwa kwa kuwapa nafasi watoto na wapwa wao na kuwafungia nje watu weusi. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 iliviweka vyama vya wafanyakazi pia chini ya katazo la ubaguzi. Mpwa wa bosi bado yupo, mimi nimefanya naye kazi. Lakini na yeye alifanya mtihani uleule na kutafuna bablishi yake.

Kwa hiyo wewe uliyeko Columbus, Minneapolis au Dallas na unajua kushika plaizi: anza kwa kumtafuta mtu wa kukutumia cheti chako kutoka nyumbani wiki hii, soma aljebra kabla hujaulizwa, na ubandike majina yako yote matatu kwenye sanduku la barua. Mtu akikuambia anauza nafasi ndani ya chama, iwe kwa dola au kwa mbuzi, huyo ni kishoka, na vishoka wako mpaka Marekani.