Sifa za Sistimu

Malenga wamesifu mvua, mama na ng'ombe, ila Sistimu hakuna aliyeikumbuka. Sisi wa Sironga tuna deni nayo, na leo nalipa.

Zamani ukinyimwa huduma ulikuwa na wa kulaumu. Karani ulimjua kwa jina, ukoo wake uliujua, na mamake mlikutana kanisani Jumamosi. Aibu ilimsukuma akatafute faili. Leo karani anageuza skrini kidogo usiione, anakutazama kwa huruma ya kweli kabisa, anasema, "Mama, sistimu iko daun." Basi. Utagombana na nani? Amani iliyoje!

Haina upendeleo vilevile. Mtazame mama aliyechuma majani chai ujana wake wote, ngozi ya vidole imechakaa, utomvu umeacha weusi usiotoka kwa sabuni. Anaweka kidole gumba kwenye mashine: taa nyekundu. Anakipangusa kwa leso, anakirudisha: nyekundu. Wanajaribu cha shahada, wanahamia mkono wa kushoto. "Vidole vyako havisomi, mama." Naibu chifu anamjua, wakunga wenzake wanamjua, nusu ya kijiji alikipokea yeye kikizaliwa. Sistimu haimjui. Angekuwa na vidole laini vya mtu asiyeshika jembe, angepita mara moja.

Nayo ina nidhamu: hata ikianguka, huanguka upande mmoja tu. Upande wa kuidhinisha ukizimia, ule wa kupokea malipo huwa macho, na ujumbe wa M-Pesa huingia kabla hujarudisha simu mfukoni.

Wenye hasira watataja Katiba ya 2010, kifungu cha 43: hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Sawa, lakini imeandikwa wapi kwamba dharura haiwezi kupanga foleni? Mwaka 2015, jijini Nairobi, Alex Madaga alikaa saa 18 ndani ya ambulensi akisubiri kitanda cha wagonjwa mahututi. Alipokipata alikuwa amechelewa, akafa. Tangu hapo tumeboreshewa mambo. Oktoba 2024 NHIF, bima ya tangu 1966, iliipisha SHA, na SHA ikaja na sistimu mpya kabisa.

Ila sifa kubwa zaidi ni ya ugatuzi. Wazee wetu walilazimika kupanda basi usiku kucha hadi Nairobi ili wapuuzwe na mtu asiyewajua. Tangu 2013 tuna kaunti yetu ya Nyamira, na huduma hiyo imesogezwa karibu na mwananchi: boda moja tu, umefika, umepuuzwa, na saa nane uko nyumbani unakama ng'ombe.

Nina ombi moja kwa wakubwa, nalo si la kuharakisha chochote. Pale nje ya dirisha wekeni paa. Huku kwetu mvua hunyesha alasiri, na nakala tatu za kitambulisho, zilizothibitishwa kwa muhuri, zikilowa wino unachuruzika, tunaambiwa tukaanze upya kwa chifu.