Muulize Bibi Chaki

SWALI: Shikamoo Bibi. Mwanangu yuko chuo kikuu, mwaka wa pili. Bumu la mkopo likiingia Jumatatu, Ijumaa ananipigia simu hana hela ya kula. Simu yenyewe ni ya bei kuliko bati za nyumba yangu. Hivi vijana wa leo wanathamini elimu kweli?
Baba Mtu, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Anaithamini, ila bado hajaanza kuilipia. Akiajiriwa, Bodi ya Mikopo itamkata asilimia 15 ya mshahara kila mwezi, na wakati huo simu hiyo itakuwa imeshapasuka kioo. Kwa sasa usimtumie hela, mtumie unga. Halafu siku moja muulize anasoma nini. Miaka yote hiyo umekuwa ukimuuliza amepata ngapi.

SWALI: Shikamoo Bibi. Niko kidato cha nne. Mwalimu anasema hatuthamini elimu kwa sababu ada ilifutwa 2016, tunasoma bure. Mbona nakesha nikikariri majibu ya mitihani ya nyuma?
Mkesha, Tabora

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Hapo unathamini mtihani, na hilo hukujifundisha mwenyewe. Baraza la Mitihani, NECTA, liliacha kutangaza shule kumi bora mwaka 2023; shule zikaendelea kujitangaza zenyewe kwenye mabango, divisheni wani kwa herufi kubwa. Sijawahi kuona bango la mwanafunzi aliyeuliza swali zuri. Kesho muulize mwalimu wako moja, lisilo kwenye silabasi. Akikasirika, rudi ukakariri. Akifurahi, umepata mwalimu.

SWALI: Bibi Chaki, habari za siku? Mimi ni mtumishi wa siku nyingi. Vijana wanaokuja kwetu kwa mafunzo ya vitendo hawajui kuandika hata barua. Wanachotaka ni cheti tu. Sisi tulisoma kwa uchungu!
Mhenga, Dodoma

JIBU: Njema, ndugu yangu. Mwaka 2017 Serikali ilihakiki vyeti vya watumishi, wakapatikana zaidi ya 9,900 wenye vyeti vya kughushi. Watumishi hao walikuwa wameshakalia viti vya ofisi wakati vijana wako walikuwa bado shuleni wamevaa sare. Kama wanataka cheti tu, wameona kwetu kwamba cheti ndicho kinachofungua mlango, na aliye ndani haulizwi tena anajua nini. Kaa na kijana wako nusu saa, mfundishe barua. Naye akufundishe kuambatisha faili kwenye barua pepe, maana nasikia hadi leo unamwita katibu muhtasi.

KWA UFUPI: Wewe wa Mbeya unayetaka nikuandikie utafiti wa shahada kwa bei ya kuelewana: hapana. Ila nimeisoma barua yako mara mbili. Imepangika, ina hoja, haina kosa hata moja. Sasa huo utafiti unakushinda nini?