Muulize Shangazi Mnofu: Mkwe, Mifuko na Ng'ombe Wawili

Barua za mwezi huu zimetoka karibu zote viunga vya Washington, ng'ambo zote mbili za mto Potomac: kina Gaithersburg, Laurel na Silver Spring upande wa Maryland, kina Ashburn na Tysons upande wa Virginia. Nilijiandaa kwa ndoa na madeni ya kamati. Nimekuta nyama, nyama, na mifuko ya supamaketi. Basi twende. Anayetaka kubembelezwa amwandikie mama yake.

Shikamoo Shangazi. Baba mkwe amekuja kututembelea kutoka Moshi. Kwa kuwa mahari sijamaliza, niliona nimpoze kwa kumpeleka mkahawa wa steki wenye hadhi, ule wa viti vya ngozi na taa hafifu. Mhudumu akauliza nyama yake ipikweje. Mzee akajibu, "Ipikwe." Mhudumu akauliza kiasi gani. Mzee akasema, "Mpaka mpishi aridhike." Mhudumu akanitazama kwa huruma, aibu ikanishika, nikamwagizia mzee nusu mbichi kama yangu. Ilipokuja akaikata, akaona wekundu, akaweka kisu chini na kuomba chai. Tangu Jumapili ananiita "wewe bwana". Nifanyeje? — Mkwe Mwenye Deni, Gaithersburg

Marahaba, mwanangu. Mtu wa Moshi humfundishi nyama. Wewe umemkana mzee wako mbele ya kijana aliyevaa aproni, kisha unaniuliza kuhusu wekundu!

Tuanze na huo wekundu, maana najua mzee atakuuliza. Ile si damu. Damu ilibaki machinjioni. Hayo ni maji ya nyama yenye protini inayoitwa mayoglobini, ndiyo inayoipa rangi. Wizara ya Kilimo ya Marekani inataka kipande kizima cha ng'ombe kifike nyuzi 63 za Selsiasi ndani na kipumzike dakika 3. Nyama ya kusaga ifike 71, kwa sababu mashine ikishasaga, vijidudu vilivyokuwa juu ya nyama vinakuwa vimeingia kila mahali. Kwa hiyo steki yenye wekundu katikati watu wanaila kila siku na kesho yake wanaamka.

Ila mzee naye ana hoja, na hoja yake ina mizizi. Ng'ombe wetu wa kienyeji ametembea maisha yake yote kutafuta majani na maji. Nyama yake ina ladha, ina kano, ina mafuta kidogo, na haiogopi moto: unaikalisha kwenye mkaa taratibu huku mnaongea, mpaka inalegea yenyewe. Huyu wa mkahawani amenoneshwa kwa mahindi miezi yake ya mwisho akiwa amesimama, mafuta yamepenya ndani ya mnofu, ndiyo maana wanaweza kumpitisha motoni upesi na akawa laini. Mwenye kuzoea yule wa kwanza, huyu wa pili akiletwa mwekundu anaona ameletewa kazi ambayo haijakwisha.

Safari nyingine muulize mzee anataka nini, kisha umwambie mhudumu vilevile alivyosema, kwa sauti. Mwagizie ribeye iliyoiva kabisa. Ina mafuta ya kutosha, itastahimili. Usimwagizie fileti, maana haina mafuta, ikiiva sana inakauka na atasema nyama ya Marekani ni mbao. Au mpeleke Ruth's Chris, ambako sahani yenyewe huja mezani ikiwa na moto wa nyuzi 260 za Selsiasi. Kipande kisichomridhisha atakikandamiza pembeni ya sahani akimalizie mwenyewe, na nakuhakikishia atafurahia kazi hiyo kuliko chakula.

Halafu jumlisha ile risiti. Steki peke yake, kiazi kimoja cha kuoka kwa bei ambayo soko la Mbuyuni kule Moshi ungebeba ndoo, spinachi ya krimu kwa bei yake, bahashishi juu. Toa kwenye mahari uone kama deni lingebaki lilelile. Lipa, mwanangu. Chai hiyo aliyoomba haikuwa ya kiu.

Shangazi, mume wangu anasema Outback ni mkahawa wa Waaustralia na Texas Roadhouse ni wa watu wa Texas. Mimi nasema anadanganya. Tumewekeana dau la kuosha vyombo mwezi mzima. — Mama Wawili, Laurel

Baba Wawili na aoshe vyombo. Outback ilizaliwa Tampa, Florida, mwaka 1988. Texas Roadhouse ya kwanza ilifunguliwa 1993 mjini Clarksville, jimbo la Indiana, mbali kabisa na Texas. LongHorn, pamoja na pembe zake zote ukutani, ilianzia Atlanta mwaka 1981.

Mwenye asili isiyo na shaka ni Ruth's Chris. Mwaka 1965 mama mmoja wa New Orleans, Ruth Fertel, aliweka nyumba yake rehani akanunua mkahawa uliokuwa ukiitwa Chris. Mwaka 1976 jengo likaungua, akahamia jingine, na kwa kuwa mkataba haukumruhusu kulitumia jina la zamani mahali papya, akabandika lake mbele. Ndiyo maana linatamkika kama mtu mwenye mafua.

Na nikuongezee la kumalizia mabishano nyumbani: LongHorn, Capital Grille na sasa Ruth's Chris zote ni za kampuni moja, Darden ya Florida, ambayo hiyo ya mwisho iliinunua mwaka 2023. Shemeji zako wanaojisifu kwamba wameacha LongHorn wamepanda daraja hadi Capital Grille ya Tysons, pesa yao bado inaingia mfuko uleule.

Shikamoo Shangazi, naomba jina langu lisitajwe. Kila Jumamosi nanunua chakula Lidl. Kabla ya kuingia mtaani kwetu nasimamisha gari, nahamishia vitu kwenye mifuko ya Whole Foods niliyoitunza vizuri, naikunja na kuitumia tena. Mtaa wetu ni wa watu wenye nafasi zao. Jumamosi iliyopita mfuko mmoja ulichoka, ukapasuka mlangoni mbele ya jirani yangu, dada wa Kikenya anayejisikia sana. Likabingirika kopo la maharage. Akaliokota, akalitazama, akasema, "Aa, hii ni ya Lidl." Nahama au nabaki? — Bi. Mfuko, Ashburn

Marahaba. Kabla hujatafuta dalali, nijibu swali moja tu: huyo dada alijuaje kwamba kopo lile ni la Lidl?

Ehe. Endelea kukaa.

Sasa tuzungumze juu ya hiyo hadhi unayoibeba kwenye karatasi. Whole Foods ilianza Austin mwaka 1980 kama duka la watu wa chakula cha asili. Mwaka 2017 Amazon iliinunua kwa dola bilioni 13.7, kwa hiyo unaposhika mfuko ule unamtangazia biashara mtu yuleyule anayekuletea chaja za simu mlangoni. Mwaka 2015, duka lao moja la California liliuza chupa za maji yaliyotiwa vipande vitatu vya asparagasi, dola 5.99 chupa. Watu wakacheka, kampuni ikasema ilikuwa makosa, maji yakaondolewa. Nani aliyewahi kununua maji ya mchicha Lidl?

Wenzako wa Bethesda, ng'ambo ya mto, nao wana ugonjwa wao, wanaapa kwa Trader Joe's, kwamba wao ni watu wa ladha na kule kwa Wajerumani wa bei poa, Lidl na Aldi, hawakanyagi. Trader Joe's ilianzia Pasadena 1967, kweli, lakini tangu 1979 iko mikononi mwa ukoo wa Albrecht wa Ujerumani, wale ndugu wawili waliogawana Aldi. Mmoja akachukua kaskazini, mwingine kusini. Wa kaskazini akanunua Trader Joe's, na Aldi unazoziona huku ni za upande wa kusini. Kwa hiyo wamewakimbia Wajerumani mlangoni na kuwapokea dirishani. Na Lidl, kama hujui, makao yake makuu ya Marekani yako Arlington. Wewe, mama, ndiye unayenunua nyumbani.

Mifuko itupe. Imechoka, na inakutia hasara ya makopo.

Shangazi, nimezunguka supamaketi nzima hapa Rockville, jibini aina kama zote, mvinyo sijauona. Wameuficha? — Mwenye Kiu

Hawajauficha. Sheria ya Maryland inazinyima supamaketi karibu zote ruhusa ya kuuza bia na mvinyo, na katika kaunti yenu ya Montgomery pombe kali inauzwa na serikali ya kaunti yenyewe. Vuka mto. Virginia utaukuta mvinyo umepangwa hadi karibu na mikate.

Shangazi, mimi ni mtu wa afya. Nyumbani nanunua nyama ya ng'ombe aliyekula majani tu, bei inauma lakini nalipa. Tukitoka na wenzangu wa kazini, mkahawani nalipa zaidi ili nipate Prime. Mke wangu anasema akili yangu ina nyufa. Nani mwenye haki? — Mlaji wa Afya, Silver Spring

Mkeo. Na barua yako nimeipenda kuliko zote, kwa sababu umeandika ugonjwa wa kitongoji kizima kwa sentensi tatu bila kujua.

Prime ni daraja la juu la Wizara ya Kilimo, chini yake Choice, kisha Select. Mbavu zikishakatwa, mkaguzi anatazama kitu kimoja hasa: mafuta yaliyotapakaa ndani ya mnofu. Mafuta hayo hutokana zaidi na mahindi. Ng'ombe anakula majani utotoni, kisha anapelekwa zizi la kunenepesha, analishwa nafaka miezi kadhaa, ananona. Aliyekula majani maisha yake yote mara nyingi hushuka daraja pale anapopimwa. Maana yake, Jumanne unamlipia ziada ng'ombe kwa sababu hakugusa mahindi, na Ijumaa unamlipia ziada mwenzake kwa sababu aliyamaliza.

Hao ni ng'ombe wawili tofauti na wote wanastahili kuliwa. Wa majani ana ladha nzito na kazi ya kutafuna. Mfanye mishikaki, umloweke usiku na tangawizi, kitunguu saumu na papai bichi kidogo. Wa mahindi mtie chumvi, mpitishe kwenye chuma cha moto mkali, muache. Ukimfanyia mmoja mapishi ya mwenzake utasema umeibiwa.

Kuhusu bei usimlaumu mwenye duka peke yake. Ukame umewafanya wafugaji wapunguze mifugo. Mwanzoni mwa 2025 Marekani ilikuwa na ng'ombe milioni 86.7, idadi ndogo kuliko zote tangu 1951. Kama Prime ndiyo roho yako inapotaka, Costco wanaiuza mbichi, unaichoma mwenyewe, na hakuna atakayekutoza viti vya ngozi.

Kinachonichekesha ni mnada wa Pugu kule nyumbani. Ng'ombe wote pale wamekula majani, wametembea, hawajaona zizi la mahindi, na mwenye nao anabembeleza wanunuzi tangu alfajiri. Angejua kuna lebo!

Shangazi, kwenye siku ya kuzaliwa ya rafiki yetu nilikula saladi na supu kwa sababu ya bajeti. Jamaa mmoja akaagiza Tomahawk. Bili ilipokuja yeye ndiye aliyesema, "Tugawane sawa, sisi ni familia." Kisha akapendekeza bahashishi asilimia 10, eti nyingine ni wizi. — Niliyekula Majani, Laurel

Tomahawk ni ribeye ileile iliyoachiwa mfupa mrefu wa ubavu, na mara nyingi mfupa unapimwa na kulipiwa pamoja na nyama. Umechangia mfupa wa mtu mwingine. Safari ijayo, kabla hujavuta kiti, mwambie mhudumu kwa tabasamu kwamba bili yako iwe peke yake. Wamezoea. Ukisubiri mpaka mwisho utaonekana mchoyo, ukisema mwanzo utaonekana mtu mwenye utaratibu.

Kwenye bahashishi, huyo jamaa mwambie Shangazi amesema akae kimya. Sheria ya shirikisho inaruhusu mhudumu alipwe na mwajiri dola 2.13 kwa saa, kiwango ambacho hakijapanda tangu 1991, na Virginia ndicho wanachotumia. Maryland ni 3.63. Bahashishi isipofikisha kima cha chini, mwajiri anatakiwa ajazie, ila nani anapenda kumdai bosi wake kila wiki? Kwenye meza ya namna ile, asilimia 18 hadi 20. Asiyeweza kuitoa asiagize mfupa.

Shangazi, binti yetu anapata kipaimara mwezi wa tano. Mama yake anataka mbuzi, mbuzi mzima. Wegmans nimekwenda, pazuri mno, nimerudi na keki. Nifanyeje? — Baba Kipaimara, Tysons

Keki ulifanya vizuri, itahitajika. Wegmans ni watu wa Rochester, New York, wako kazini tangu 1916, na mbele ya kaunta yao ya nyama ningeweza kusimama siku nzima kwa raha tu. Lakini mbuzi mzima si biashara yao, usimtie kijana wa watu jasho.

Nenda bucha la halali. Viunga vyetu vimejaa hayo, ya Wapakistani, Waafghani, Waarabu na Wasomali. Nenda wiki mbili kabla, uweke oda na kishika uchumba. Sema mapema kwamba unataka kichwa, utumbo na figo, la sivyo vitakuwa vimeshachukuliwa na Mnigeria aliyekutangulia. La muhimu kuliko yote: kataza msumeno wa umeme. Ukimwachia mwenye bucha, atamkata mbuzi vipande vya mchuzi kabla hujamaliza salamu, na wageni watatema vijifupa mpaka jioni. Mwambie miguu na mbavu vibaki vizima.

Kuchoma usifanyie kwenye baraza ya ghorofani. Kaunti yenu ya Fairfax hairuhusu majiko ya mkaa wala ya gesi kwenye baraza za majengo ya ghorofa, na majirani wa Tysons wana namba ya zimamoto kichwani. Kodi banda kwenye bustani ya kaunti lenye jiko lake, na ulikodi leo, maana mwezi wa tano kila mtu ana kipaimara.

Ukishapata tarehe nijulishe. Kachumbari nitaleta mimi, figo niwekee pembeni.